Gurudumu la Ghislaine Lilifunguliwa

Siku Bibiane alipoichukua pikipiki yake kwa Donatien, hakuna aliyelegeza hata nati moja. Iliogeshwa kwa sabuni, matairi yakapakwa mafuta mpaka yakawa meusi kama viatu vya Jumapili, kiti kikavikwa ngozi mpya nyekundu, na Donatien mwenyewe akaipigapiga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. Lakini pikipiki ya Ghislaine iliposimama mahali palepale majuma matatu baadaye, magurudumu yake yote mawili yalitolewa, yakalazwa juu ya gunia, yakapasuliwa matumbo. Bibiane aliyaona kwa macho yake.

Ghislaine ndiye aliyekuwa na mume wa Bibiane.

Bibiane alikuwa na miaka arobaini na saba. Alizaliwa Walungu, katika nyumba ambamo wavulana walipewa daftari na wasichana wakapewa jembe, na aliposhuka mjini Bukavu kuolewa hakujua kuandika hata jina lake. Kazi yake ilikuwa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani. Alizinunua mbichi kule Muhanzi, ziwani, akazipandisha kichwani mpaka soko la Kadutu, mlima kwa mlima, na maji ya samaki yakimchuruzika shingoni. Ignace, mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikula sambaza hizo miaka kumi na tisa. Kisha asubuhi moja alivaa shati safi, akasema anaenda kumsalimia mtu kwenye mtaa wa Nguba, na akaendelea kumsalimia mpaka leo.

Ghislaine alikuwa na miaka thelathini na mbili, duka la vitenge, na meno yaliyopangika vizuri. Bibiane hakutaka kujua habari zake, na hakuna habari zake ambazo hakuzijua. Alijua nyumba yake ina dari. Alijua kitenge alichovaa Pasaka na kile alichovaa Noeli. Alijua kwamba Ignace, yule Ignace ambaye kwa miaka kumi na tisa hakugusa ndoo, sasa anaonekana akichota maji kwenye bomba la Nguba mchana kweupe, ndoo mbili, moja kila mkono, na anacheka. Hizo ndoo mbili zilimuuma Bibiane kuliko kitanda.

Donatien, muuza pikipiki zilizotumika, ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa ya Bibiane na Ignace, parrain kama wanavyosema Bukavu. Parrain si mtu wa kula keki siku moja na kwenda. Ndiye anayeitwa nyumba ikiwaka moto wa maneno, ndiye anayemkalisha mume na mke chini na kusema huyu amekosa. Ignace alipoondoka, Bibiane alikwenda kwake akilia. Donatien alimpa soda, akamwambia avumilie, mwanaume ni kama mvua, hurudi. Miezi sita baadaye Ignace alipopeleka mahari kwa kina Ghislaine, Donatien alikuwa kwenye ule msafara, kwa suti ileile ya kijivu aliyovaa siku ya ndoa ya Bibiane. Bibiane alionyeshwa picha. Aliitambua suti kwa kifungo cha pili, alichokishona yeye mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, alipopata zamu yake ya likelemba, ule mchango wa wanawake wa soko, na kuamua kununua pikipiki, alikwenda kwa Donatien. Watu walimuuliza kwa nini. Alijibu kwamba shetani unayemjua ni afadhali. Ukweli ni kwamba alitaka Donatien amwone akinunua kitu kikubwa bila mwanaume, ili habari ifike Nguba.

Pikipiki ingeendeshwa na Akonkwa, mume wa Constance, mdogo wa Bibiane. Akonkwa alikuwa mtu mzima, mpole, baba wa watoto wanne, motard, dereva wa pikipiki za abiria, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya mtu mwingine mpaka mwenyewe alipoiuza. Makubaliano yalikuwa mepesi: asubuhi anampandisha Bibiane na beseni lake la samaki, halafu anabeba abiria mjini mpaka jioni.

Siku ya kununua, Ignace alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa depo, karibu na pale panapoitwa Essence, yaani petroli, na chupa ya bia mapajani, maana yeye na Donatien walikuwa marafiki wa tangu ujana.

"Ah, Bibiane," alisema, "umekuwa patronne sasa, bosi mwenye mali."

Bibiane akampa mgongo. Alitazama pikipiki.

Akonkwa aliizunguka, akabonyeza kanyagio la breki, akabinya tairi, akachuchumaa nyuma. "Papa Donatien," alisema kwa adabu, "hatuwezi fungua kidogo gurudumu ya nyuma, tuone garniture?"

Garniture ni zile nusu mbili za mwezi zinazokaa ndani ya kitovu cha gurudumu, zenye ngozi ngumu juu yake. Ukikanyaga breki zinatanuka na kubana chuma. Zikilika, hakuna cha kubana, na kwa nje huoni chochote.

Donatien hakukasirika. Alicheka, kifua kikatikisika. "Bamotard iko namna ile. Banaonaka mashaka hata mu bugali ya mama yabo. Bibiane, mutoto yangu, mi njo nilikusimamia mbele ya padri. Sasa ntakuuzia kifo?"

Na Bibiane akaona haya. Kumwomba parrain afungue gurudumu ni kama kualikwa kwake kula na kuchungulia kwanza chini ya nyama. Kwao Walungu mtu angesema huyu mwanamke hana malezi. Tena Ignace alikuwa pale na chupa yake, akisikiliza.

"Akonkwa, nyamaza," alisema. "Uyu ni parrain yangu, haiko mutu wa soko."

Akonkwa akasimama, akajifuta mikono. Donatien akatoa karatasi ya ukaguzi yenye mistari mingi, akaweka alama kwenye kila mstari, harakaharaka, kama mtu anayenyunyizia chumvi, akapiga muhuri. Bibiane aliikunja na kuiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya ubatizo.

Juma la kwanza breki zilishika kama meno ya mbwa. Bibiane alipita barabara kuu akiwa amekaa wima, beseni mbele yake, na alimwomba Akonkwa azungukie Nguba, ingawa Nguba haiko njiani kutoka Muhanzi kwenda Kadutu. Juma la pili Akonkwa alisema kanyagio linazama. Alikaza nati ya nyuma, likapanda. Baada ya siku tatu likazama tena, akakaza tena. Juma la tatu alimwita Bibiane, akamwonyesha kwa kidole: uzi wa skrubu kwenye ule ufito unaovuta breki ulikuwa umekwisha, hakukuwa na mahali pa kukaza zaidi.

"Na ya mbele?" Bibiane aliuliza.

"Ya mbele, yaya, mu tope ya Bukavu, ukiibana sana inakulaza chini. Tunategemeaka ya nyuma." Akonkwa alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama Constance alivyomwita.

"Ntaenda kwa Donatien," Bibiane alisema.

Alikwenda siku hiyohiyo, kwa miguu, akiyapanga maneno njiani: papa, kanyagio linazama, nati imefika mwisho, naomba ufungue. Maneno matatu tu. Alipokata kona ya depo, akaiona pikipiki ya buluu imesimama juu ya matofali, haina magurudumu. Zagabe, fundi wa Donatien, alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia, anatoa garniture mpya kwenye boksi. Na juu ya kile kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu, kitenge cha manjano, Ghislaine anakula karanga.

Yale maneno matatu yakamruka Bibiane kichwani kama njiwa.

"Papa Donatien, ile pikipiki ya nani banafungua?"

"Ya Ghislaine. Atampatia binamu yake aendeshe."

"Yangu ulifungua lini?"

Donatien alitazama pembeni. "Yako haikukuwa na shida."

"Na ile iko na shida gani?"

"Haina shida. Ghislaine aliomba tu."

"Ah! Yeye akiomba, munapasua. Mi nikikuya, munapaka mafuta. Kwenye ndoa yangu ulikula, kwenye mahari yake ulikula, sasa hata mu garniture unachagua? Meno mazuri njo inafunguliaka bantu magurudumu?"

Zagabe aliinama juu ya gunia ili asicheke. Ghislaine aliacha kutafuna. Donatien alimsogelea Bibiane na kushusha sauti, ile sauti ya parrain, tamu kama dawa ya watoto.

"Bibiane, sikia. Ignace alienda. Mi sikumufukuza. Usikuye kwangu kufanya palabre ju ya gurudumu ya mwanamuke mwingine. Iyi haiko maneno ya freni. Iyi ni wivu."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia: si breki, ni wivu. Bibiane akageuka akaondoka. Alikuwa amefika sokoni Kadutu, ameshakaa kwenye kigoda chake, ndipo alipokumbuka kwamba hakutaja kanyagio hata mara moja.

Akonkwa alipokuja kumuuliza Donatien amesema nini, Bibiane alimwambia, "Amesema iko bien, iko sawa. Endesha polepole." Alisema hivyo kwa sababu hakuweza kurudi. Angerudi kusema nini? Kila neno ambalo angelitoa kinywani lingekuwa limeshavaa jina: wivu. Na kilichomtesa zaidi ni kwamba lilikuwa kweli. Alikuwa nao, tangu utosini mpaka kwenye kisigino. Akaanza kujishuku mwenyewe. Labda kanyagio halizami sana. Labda anatafuta ubaya wa pikipiki kwa sababu ya kitenge cha manjano. Mtu aliyeambiwa kwamba ana wivu huwa kama mtu aliyeambiwa kwamba amelewa: hata akitembea wima, anatazama miguu yake.

Siku nne zikapita hivyo.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu, na Jumapili mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Mchana Bibiane alipata mteja kule Nyawera, mwenye mgahawa, aliyetaka beseni zima la sambaza kavu. Akapanda nyuma ya Akonkwa, beseni katikati yao, wakaanza kushuka mteremko wa Buholo. Mtu asiyejua Buholo aelewe hivi: barabara imelala kama ngazi iliyosukumwa, udongo mwekundu, mfereji upande mmoja, nyumba upande mwingine, na chini kabisa, mahali ambapo mwendo umeshakuwa mkubwa, pana shule.

Katikati ya mteremko Bibiane alisikia sauti. Kisu juu ya jiwe. Chuma kinakula chuma.

"Akonkwa?"

Bibiane aliona mgongo wake ukikakamaa na mguu wake wa kulia ukikanyaga, ukiinuka, ukikanyaga tena, kama mtu anayekanyaga hewa. Chini, kengele ilikuwa imelia. Mashati meupe yalianza kumwagika barabarani, makumi kwa makumi, yanasukumana, yanacheka, mabegi yamening'inia. Akonkwa akapiga honi, akapiga kelele, "Toka! Toka!" na watoto wakasimama palepale kutazama ni nani anayepiga kelele.

Kushoto kulikuwa na mtu anajenga. Alikuwa amemwaga mchanga nje ya uzio, lundo zima, nusu yake barabarani, ile tabia ambayo kila siku Bibiane aliilaani. Akonkwa aliiingiza pikipiki mle mchangani kwa nguvu zake zote.

Bibiane aliangukia mgongo, mchanga mdomoni. Sambaza ziliruka juu na kunyesha. Alipoinua kichwa aliwaona watoto wameshaanza kuziokota, hakuna aliyeumia, hakuna aliyelia. Akonkwa alikuwa amekaa karibu na gurudumu. Suruali ilikuwa imepasuka toka goti mpaka kifundo, na ngozi pamoja nayo. Hakuwa anautazama mguu. Alikuwa anawatazama wale watoto.

"Yaya," alisema, "mi niko na batoto bane."

Constance ndiye aliyemwosha mume wake ule mguu, kwa maji ya chumvi, mbele ya mlango wao. Hakupiga kelele. Alipomaliza alikamua kitambaa, akamwuliza dada yake:

"Yaya, ulienda kwa Donatien?"

"Nilienda."

"Ulimwambia freni haishike?"

Bibiane akaokota beseni tupu, akalipangusa mchanga.

"Ju ya Ghislaine ulifungua mudomo," Constance alisema, "na ju ya bwana yangu ulifunga."

Kesho yake asubuhi Bibiane na Akonkwa waliisukuma ile pikipiki kwa miguu kutoka Kadutu mpaka Essence, Akonkwa akichechemea kwenye usukani, Bibiane akisukuma nyuma, kitenge amekikaza mara mbili. Kila motard aliyepita alipiga honi. "Maman, essence imeisha?" "Maman, unasukuma bwana ao pikipiki?" Bibiane alisukuma.

Depo ilikuwa na watu. Mnunuzi mmoja kutoka Bunyakiri, mzee wa kofia, alikuwa anazunguka pikipiki moja nyekundu, na Donatien alikuwa anaipigapiga mgongoni. Ghislaine naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kuchukua kibao cha namba cha pikipiki yake. Bibiane alipomwona, wivu ule ukampanda kama kawaida. Safari hii aliumeza, akasema kwanza lile lililomleta.

"Papa Donatien, freni ya nyuma haiko. Jana ilituacha pa Buholo mbele ya shule. Nataka ufungue gurudumu, sasa, mi nikiwa hapa."

Donatien alimtupia jicho mnunuzi wake. "Bonjour kwanza, Bibiane. Karatasi iko?"

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Donatien akaikunjua, akaiinua ili yule mzee wa Bunyakiri aone vizuri, akapita kwa kidole. "Hapa. Freni ya mbele: bon, nzuri. Freni ya nyuma: bon. Muhuri. Unaona? Ao nikusomee tena?"

"Karatasi haishukaka Buholo, papa."

Mzee wa kofia akacheka. Donatien hakucheka. Akamgeukia Akonkwa.

"Weye, kwa ukweli ya Mungu. Ukishukaka mulima, hauzimishaka moteur ju ya kuchunga essence?"

Akonkwa alitazama chini. Hakujua kusema uongo. Ndiyo maana alikuwa maskini. "Nazimishaka. Bote banazimishaka."

"Aha!" Donatien akapiga makofi mara moja. "Moteur ikizima, kazi yote inabaki kwa freni. Njo ulikula garniture yangu mwezi moja. Halafu munaniletea mi matatizo. Bibiane, nilikwambia. Unakuyaka hapa siku Ghislaine iko. Kila siku. Bantu banaona. Toa wivu yako mbele ya kazi yangu."

Zagabe aliacha kugonga. Bibiane alihisi macho ya wote, na yale ya Ghislaine zaidi, ambayo yalikuwa mazuri, na hilo nalo lilimuuma. Siku zote hizo alikuwa amelikimbia neno lile. Sasa alichoka kukimbia.

"Wivu niko nayo," alisema. "Niko nayo mingi sana. Nikimuona uyu mwanamuke damu inanichemuka, hata kitenge yake naichukia. Nani hajui? Lakini Akonkwa hana wivu na mutu, na Mungu anauona ule mguu yake. Panda."

"Nini?"

"Panda nyuma ya Akonkwa. Mushuke Buholo, moteur inawaka, bien. Freni si ni bon? Ukifika chini uko muzima, ntapiga magoti hapa mbele ya bantu bote, niseme Bibiane ni mwongo, ni wivu ilimupanda mu kichwa."

"Niko na muteja."

"Muteja atangoya. Papa," akamwuliza yule mzee wa Bunyakiri, "utangoya?"

"Mi sina haraka," mzee akasema, na akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kofia magotini, kama mtu aliyefika kwenye mpira.

Donatien alitabasamu, akatafuta neno, akatazama pikipiki, akatazama mguu wa Akonkwa. Hakupanda. Kila sekunde ambayo hakupanda ilisema kitu, lakini Bibiane aliona kwamba bado angeweza kuponyoka. Angesema ana shinikizo la damu. Angesema mvua. Zagabe angempigia simu ya uongo. Na yeye Bibiane angerudi Kadutu akisukuma.

Ndipo Ghislaine aliposema, bila kuinuka, "Papa Donatien, fungua tu. Ya kwangu si mulifungua?"

Basi. Na Donatien, ambaye alikuwa amepigana na Bibiane dakika zote hizo, akamwashiria Zagabe kwa kidevu. Zagabe akachukua spana.

Gurudumu likatoka. Kitovu kikafunguka. Vumbi jeusi likamwagika juu ya gunia, na pamoja nalo vipande viwili vidogo vya bati vikaanguka, ting, ting. Akonkwa akaviokota. Vilikuwa vimekatwa kutoka kopo la nyanya. Kimoja bado kilikuwa na nusu ya nyanya nyekundu na jani lake. Mtu alikuwa amevikunja na kuvibana kwenye ncha za garniture zilizokwisha, ili zisimame mbali kidogo na kuonekana bado nene. Hivyo ndivyo zilivyoshika kama meno ya mbwa juma la kwanza. Kisha bati likapondeka. Zenyewe, zile garniture, hazikuwa na ngozi hata ya unene wa ukucha. Zilikuwa chuma kitupu, kimekwaruzika, kinang'aa.

"Hata mi sikujua," Donatien alisema. "Ule mwenye aliniuzishia..."

Mzee wa Bunyakiri alisimama, akavaa kofia. Akachukua bati lenye nyanya kutoka mkononi mwa Akonkwa, akalitazama pande zote mbili, akauliza kwa upole kabisa, "Na ile nyekundu, papa, iko na nyanya ngapi?" Hakungoja jibu. Aliondoka na bati mfukoni.

Bibiane hakutukana. Alidai garniture mpya, za mbele na za nyuma, za kutoka kwenye boksi, na zifungwe na Akonkwa, si na Zagabe. Donatien hakubisha tena. Alikaa ndani, kwenye kivuli, akijifanya kutafuta kitu ndani ya droo. Bibiane akasimama juu ya kichwa cha Akonkwa mpaka nati ya mwisho. Na kwa sababu Ghislaine naye alikuwa bado anangoja namba yake, walijikuta wamesimama karibu, hatua mbili, kama wake wa nyumba moja kwenye foleni ya bomba.

Asante ilikuwa pale, kwenye ulimi wa Bibiane. Haikutoka. Badala yake alimwuliza swali, la kwanza alilowahi kumwuliza mwanamke huyo.

"Weye ulijua namna gani, mpaka ukaomba yako ifunguliwe?"

"Ignace aliniambia," Ghislaine alijibu, wepesi tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Alisema Donatien ni rafiki yake, lakini nisitoke na pikipiki ya kwake bila kuona ndani ya gurudumu, anatiaka mabati..."

Kisha akaona uso wa Bibiane, akaweka mkono mdomoni.

Ignace alijua. Alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti kile, na chupa yake. Alimsikia Akonkwa akiomba gurudumu lifunguliwe, Akonkwa aliyekula naye meza moja miaka kumi, aliyembeba mgongoni Ignace alipovunjika mguu. Alimsikia Bibiane akisema nyamaza. Angeweza kukohoa tu. Angeweza kusema, "Acha afungue." Neno lake lote siku ile lilikuwa patronne; mengine aliyameza na bia.

Bibiane alidhani anaujua wivu wote. Alikuwa amemwonea Ghislaine wivu kwa dari, kwa vitenge, kwa ndoo mbili za maji. Huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa wivu wa neno moja lisilogharimu kitu, neno ambalo mwanamume hulisema akiwa amelala chali, kwa mtu ambaye hataki afe. Kwa miaka kumi na tisa alilala kando ya mdomo ule na hakuwahi kupewa neno kama hilo.

"Maman Bibiane," Ghislaine alisema polepole, "mi nilizani alikwambia na weye."

"Ulimuzania mema, sawa," Bibiane alijibu. Akapanda nyuma ya Akonkwa, akapanga kitenge chini ya mapaja. Akonkwa alipowasha, alimgeukia Ghislaine tena. "Mwambie Ignace Akonkwa iko muzima."

"Ntamwambia."

"Leo. Akiwa mbele ya bugali, hajanawa bado mikono."

Walirudi kwa njia ndefu, wakapanda Kadutu, kwa sababu Bibiane alitaka kushuka Buholo. Akonkwa hakuuliza. Aliacha moteur ikinguruma, akashuka taratibu, na walipofika pale pakali zaidi Bibiane akamwambia, "Simama."

Akonkwa akakanyaga. Pikipiki ikasimama kama iliyopigiliwa misumari. Nyuma yao motard mmoja akapiga honi na kumtukana mama yake Akonkwa.

"Twende?" Akonkwa aliuliza.

"Shuka kidogo, usimame tena."

Ikasimama tena. Watoto wa shule walipita mbele yao, mmoja akagonga taa kwa kiganja na kukimbia. Mara ya tatu nayo ikasimama. Bibiane alitega sikio asikie kisu juu ya jiwe, hakusikia kitu. Breki zilikuwa nzima. Hapakuwa tena na kasoro yoyote ya kuilalamikia, wala gurudumu la kuubebesha ule wivu wa neno moja uliokuwa kifuani mwake. Ulikuwa bado pale, mzima kabisa, na sasa ulikuwa wake peke yake.